UZI: Simulizi ya kishikio cha mkoba iliyobadilisha namna ninavyotangaza kazi yangu

Fundi Mikoba (mleta uzi)

Wadau, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aje kuusoma akitulia.

Mimi ni fundi mikoba. Mabegi, pochi, mikanda, chochote cha ngozi au turubai kilichochoka nakirudisha kazini. Kwa miaka mitatu ukurasa wangu mtandaoni ulikuwa na sentensi moja niliyokuwa naizungusha tu: "Tunatengeneza mikoba ya aina zote, kazi safi, bei nafuu, karibuni sana." Picha ya mkoba, sentensi hiyo, namba ya simu. Kesho yake mkoba mwingine, maneno yaleyale. Waliokuwa wakinipa dole ni ndugu zangu na mafundi wenzangu. Simu haikuita.

Siku moja akaingia mama mtu mzima, mkunga mstaafu, na mkoba mweusi wa ngozi uliokatika kishikio. Nikaugeuza kuutazama. Kishikio kilikuwa kimelika upande mmoja tu, pale dole gumba linapokaa. Ngozi imelainika, imekuwa nyembamba kama karatasi, weusi umegeuka kahawia. Upande wa pili bado mgumu kama wa jana. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unaushika hivi?" nikamwonyesha. Akacheka. Akasema ndiyo, aliubana hivyo usiku akiitwa kwenda kuzalisha, maana mkono wa pili ulishika tochi. Kisha akanikataza kuweka kishikio kipya. "Shona palipokatika tu. Nikishika kipya mkono wangu utakikataa."

Nilikishona kwa mkono, kwa sababu ngozi ile mashine ingeichana. Upande ule kulikuwa na matundu 17 ya uzi wa zamani. Nikapitisha sindano kwenye matundu hayohayo, nisiongeze hata moja.

Usiku ule nikaandika hayo niliyowaandikia hapa, basi. Nikaweka picha ya kishikio peke yake. Sikuandika "karibuni". Mwishoni niliweka mstari mmoja: "Kama una mkoba ambao hutaki uwe mpya, unataka tu uendelee na safari, nitumie picha yake."

Zilikuja picha. Kilichonishangaza zaidi ya wingi wake ni kwamba watu hawakuanza na "shilingi ngapi?" Walianza kunisimulia. Huu ulikuwa wa baba. Huu niliubeba siku ya kwanza kazini. Huu niliuficha mvunguni miaka yote hiyo. Bei tulikuja kuzungumza baadaye, na hatukuvutana sana, kwa kuwa wote wawili tulishajua tunachotengeneza ni nini.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kujaribu. Mawili niliyoyakuta yamenisaidia kuelewa kilichotokea.

Mwaka 2009 huko Marekani, waandishi wawili, Rob Walker na Joshua Glenn, walinunua vikorokoro vya mitumba: vinyago, vikombe, vidude vya kuweka juu ya meza. Kwa wastani kila kimoja kiliwagharimu kama dola 1.25. Kila kitu wakampa mwandishi mmoja akitungie hadithi, kisha wakakinadi kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni, hadithi ikiwa ndiyo maelezo ya bidhaa. Hawakumdanganya mtu, ilielezwa wazi kwamba hadithi ni ya kubuni. Vitu 100 vya kwanza viliwagharimu takriban dola 129 kwa jumla. Viliuzwa kwa zaidi ya dola 3,600. Kikombe ni kilekile, ufa wake uleule. Kilichoongezeka ni maneno.

La pili ni utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic uliochapishwa 2007. Watu walipewa dola 5 kisha wakaombwa kuchangia kupunguza njaa. Kundi moja lilisomeshwa habari za msichana mmoja wa miaka 7. Kundi jingine lilipewa takwimu za mamilioni ya watu. Waliosoma habari za msichana walitoa wastani wa dola 2.38, wa takwimu dola 1.14. Sasa sikilizeni hapa: kundi la tatu lilipewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, na likatoa dola 1.43. Yaani takwimu ziliposogezwa karibu na msichana, zilimpunguzia nguvu.

Niliposoma hilo nilirudi kwenye kurasa za biashara ndogo ninazozifuata, yangu ikiwemo. Tunaanza vizuri na mteja mmoja, halafu tunamzamisha: "tuna uzoefu wa miaka mingi, tumehudumia mamia ya wateja, huduma zetu ni nane." Msomaji alikuwa amesimama na yule mama kwenye giza na tochi yake, sisi tukamvuta mkono kumpeleka kwenye orodha.

Kwa hiyo mimi nashika hivi: mtu mmoja, siku moja, kitu kimoja. Orodha ya huduma ina mahali pake, juu ya ukurasa. Niambieni wenzangu mnaonaje.

Kalamu Nzito

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

Mzee wa Ghala

Mwanangu umeandika vizuri, sikukatishi tamaa. Lakini wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nauza betri, balbu, nyaya na swichi. Mteja wangu anataka kujua mambo mawili: bei, na je itadumu? Mkoba wa mkunga una machozi ndani yake. Betri ina nini? Nani atakaa asome hadithi ya betri?

Fundi Mikoba

Shikamoo mzee wangu. Methali hiyo ilinichelewesha miaka mitatu, kwa hiyo nimeifikiria sana. Kizuri chajiuza kwa aliyekishika mkononi. Ambaye hajafika dukani kwako anaiona betri yako sawasawa na ya jirani. Hana namna ya kujua kwamba wewe unazikagua kabla ya kuuza.

Na hakuna anayenunua betri kwa kupenda betri. Kuna kitu kimemzimikia. Kilizima saa ngapi, alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini? Hapo ndipo hadithi ilipo, na wewe umeisikia kaunta kwako mara nyingi ila huihesabu kuwa mali. Naomba ukae nalo siku chache. Nitakusubiri.

Fundi Bomba

Naongezea hapo kwa mzee. Mimi kazi yangu ni mabomba, nayo haina machozi. Kilichonifungua macho ni kisa cha Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, miaka zaidi ya 100 iliyopita. Alipewa kazi na kiwanda cha bia cha Schlitz. Wakati huo kila kiwanda kilikuwa kinapiga kelele neno moja, "safi". Neno lenyewe likichapwa kwa herufi kubwa, anayelisoma hashtuki.

Hopkins akaomba kutembezwa kiwandani. Kama alivyoeleza mwenyewe, alionyeshwa vyumba vya vioo ambamo bia ilipoozwa kwenye hewa iliyochujwa. Akaonyeshwa jinsi mashine zinavyosafishwa, chupa zinavyooshwa mara nne, na visima virefu mno walivyochimba kufuata maji masafi. Akawauliza, mbona hamwaambii watu? Wakamjibu kwamba kila kiwanda kinafanya hivyohivyo. Akasema, lakini hakuna aliyesimulia. Akayasimulia, na Schlitz wakapanda mpaka kugombania nafasi ya kwanza.

Tangu nisome hayo, naandika ninavyotafuta mahali bomba linapovuja bila kuvunja ukuta mzima. Nazima matumizi yote ya maji ndani, natazama kama mita bado inatembea, nafunga koki moja moja. Mafundi wenzangu wote wanafanya hivyo. Wateja wengi hawajawahi kuambiwa.

Dada wa Vyungu

Kaka Fundi Mikoba, nina swali na linaniuma. Mimi nauza vyungu vya maua na miche. Niliambiwa "simulia safari yako", nikasimulia. Nilianza bila mtaji, nikalia, nikavumilia, nikasimama. Nilipata pongezi nyingi mno. Watu waliniandikia "hongera dada, Mungu akuinue". Vyungu havikutoka. Nilikosea wapi?

Fundi Mikoba

Dada yangu, hukukosea kusimulia. Nadhani kilichotokea ni kwamba hadithi yote ulikuwemo wewe peke yako. Msomaji akatazama ulivyopambana, akafika mwisho, akafanya kitu pekee kilichobaki cha kufanya, akakupongeza. Hakuona mahali pake pa kukaa.

Sisemi safari ya mwenye biashara haina thamani. James Dyson wa Uingereza amesimulia yake miaka na miaka: alitengeneza vielelezo 5,127 vya majaribio vya mashine yake ya kufyonza vumbi mpaka akapata kilichofanya kazi. Itazame lakini hadithi hiyo imefungwa kwenye nini. Ilianza na mashine aliyokuwa nayo nyumbani kupoteza nguvu kwa sababu mfuko wake ulikuwa unaziba. Yeyote aliyewahi kusukuma mashine ya namna hiyo anaijua kero hiyo. Vielelezo vyote vile ni safari ya kuimaliza kero ya msomaji. Mateso ya Dyson yanaishia kwenye kapeti la mteja.

Mateso yako yanaishia wapi kwenye nyumba ya mteja? Ulipoteza miche mingapi kabla ya kujua kwamba chungu kisicho na tundu chini kinaozesha mizizi? Hiyo ndiyo safari yako ninayotaka kuisoma, kwa kuwa na mimi nina mche umekufa hapa dirishani na sijui nilimkosea nini.

Dada wa Vyungu

Umenigusa. Nina miche 40 iliyooza kwa wiki moja, nilikuwa naimwagilia kwa mapenzi kila asubuhi. Sijawahi kuisema, niliona aibu.

Fundi Mikoba

Anza nayo hiyo, dada. Andika usiku huu kabla hujaipamba.

Mama Mshonaji

Naomba niseme jambo ambalo litamsaidia mtu asipite nilipopita. Mimi nashona nguo za watoto. Niliposikia habari za simulizi kuuza, sikuwa na simulizi nzuri, nikatunga. Niliandika kwamba mitindo yangu ni ya bibi yangu mzaa mama, kwamba aliniachia daftari la michoro. Watu waliipenda sana, wengine walinunua kwa ajili ya huyo bibi. Siku moja ndugu yetu akaandika chini ya posti, hadharani, bila ubaya wowote: "Bibi yupi huyo? Bibi hakuwahi kushika sindano."

Niliifuta posti, lakini nilikuwa nimeshaonekana. Kilichonichoma siyo mauzo. Kuna mteja aliyenunua gauni la mwanawe wa kwanza na akaniandikia maneno mazito juu ya bibi yake mwenyewe. Nilimpigia simu nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema amenisamehe, na hakurudi tena.

Tulipokuwa wadogo tuliitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Pale kila mtu anajua ni mchezo, kama hao wa eBay walivyosema mapema kwamba wametunga. Mteja anayetoa pesa yake akiamini bibi yupo hajaitikia uongo njoo.

Fundi Mikoba

Ahsante mama kwa moyo huo, najua haikuwa rahisi kuyaandika.

Naongeza upande wa pili wa ukweli, nao ni ruhusa. Simulizi ya mteja ni mali ya mteja. Yule mama mkunga nilimsomea maneno yangu kwa simu kabla sijayaweka. Alitoa neno moja, akakubali mengine, akasema picha ya kishikio sawa, sura hapana, jina hapana. Kuna siku nilifumua bitana ya pochi nikakuta barua imekunjwa mara nne. Sikuifungua. Nilimkabidhi mwenyewe ikiwa vilevile, akaitazama, akaiweka kifuani. Ingekuwa simulizi kubwa kuliko zote nilizonazo kama ningejua kilichomo, na sitajua. Hata hapa naieleza nusu na bila kumtambulisha.

Mtunza Hesabu

Mimi nawasaidia wafanyabiashara wadogo kuweka vitabu vyao sawa, nina swali la kikazi. Mtajuaje kwamba ni simulizi ndiyo imeleta mteja? Dole siyo mapato. Nawaona wengi wanafurahia wasomaji huku kodi ya pango inawangoja.

Na pia siyo lazima kila kitu kiwe kisa cha kugusa moyo. Marcus Sheridan wa Marekani alikuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni ndogo ya mabwawa ya kuogelea. Ilipofika 2008 uchumi ulianguka, nani tena ananunua bwawa? Alichofanya ni kukaa usiku na kuandika majibu ya maswali ambayo wateja walikuwa wanamuuliza ana kwa ana: linagharimu kiasi gani, lina matatizo gani, aina hii na ile ipi bora. Hata maswali ambayo wenzake kwenye biashara hiyo waliyakwepa. Kampuni ilisimama, na yeye baadaye akawa mwalimu wa njia hiyo. Alisikiliza swali la mtu halisi akalijibu hadharani.

Fundi Mikoba

Nakubaliana nawe kabisa, na naona ni chemchemi ileile. Swali la mteja ni hadithi iliyokatika katikati.

Kuhusu kupima, njia yangu ni ya mikono. Kando ya mashine nina daftari. Kila anayeleta kazi namuuliza, "Ulinijua vipi?" na naandika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona jambo. Zamani waliandikisha "nilipita tu nikakuona". Sasa naandika "alinitumia dada yangu ile ya tochi." Hawakumbuki jina langu, wanakumbuka tochi! Kile wanachokumbuka ndicho wanachompelekea mwingine. Posti ambazo haziachi kitu cha kukumbukwa kwenye daftari nimeacha kuziandika, hata zikipata dole nyingi.

Na simulizi lazima iwe na mlango wa kutokea. Martin Conroy, mwandishi wa matangazo wa Marekani, aliandika barua ya kutafutia wasomaji gazeti la The Wall Street Journal iliyotumika kuanzia 1975 hadi 2003, miaka 28. Inaanza na vijana wawili waliohitimu chuo kimoja, wanafanana karibu kwa kila jambo. Baada ya miaka 25 wanakutana tena: wote wana ndoa njema, wote wako kampuni moja, lakini mmoja ni meneja wa idara ndogo na mwingine ndiye rais wa kampuni. Unataka kujua kwa nini, unaendelea kusoma. Na barua haiishii hewani, inakuomba ulipie gazeti. Simulizi ikikosa ombi la mwisho, msomaji anashusha pumzi na kupita. Yakiwa maombi matano, naye anapita. Mimi naweka moja.

Kijana wa Kamera

Wakuu, mimi ndiyo kwanza naanza kupiga picha za sherehe. Naandikaje sasa? Nikishika simu maneno yanakuwa magumu.

Fundi Mikoba

Usianze na "ndugu wateja wetu wapendwa". Anza pale jambo lilipokuwa tayari linatokea. Mimi naanza na kile jicho langu lilichoona kwanza: kishikio kimelika upande mmoja. Tafuta kilichokuwa kinataka kukwama. Kwangu ilikuwa ngozi nyembamba ambayo mashine ingeichana. Bila kukwama hakuna anayengoja kujua kitakachofuata. Ukimaliza jisomee kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, andika unavyoongea. Kisha tazama sentensi yako ya mwisho. Mara nyingi utakuta unamhubiria msomaji, "hivyo basi wapendwa tukumbuke..." Ikate.

Na usisubiri kisa kikubwa. Kwenye sherehe yako ya mwisho nani alikataa kupigwa picha, na nini kilimbadilisha?

Kijana wa Kamera

Babu wa bwana harusi. Alikubali nilipompa kamera anipige yeye kwanza.

Fundi Mikoba

Umeshaandika, mdogo wangu.

Mzee wa Ghala

Nimerudi baada ya wiki. Nimejaribu. Hii hapa: "Betri zetu ni imara na zinadumu. Juzi mteja wetu mmoja alifurahi sana na huduma, nanyi mnakaribishwa."

Fundi Mikoba

Mzee wangu, huyo mteja ni nani? Sitaki jina lake. Anafanya kazi gani, na akiwa kaunta hufanya nini ambacho wengine hawafanyi?

Mzee wa Ghala

Ni mlinzi wa usiku. Anakuja kila mwezi, betri mbili za tochi, zile za alkali. Ana tabia moja. Kabla hajalipa anaisimamisha betri wima, anaiinua kama vidole viwili juu ya kaunta, anaiachia. Ikitua na kutulia, anachukua. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Siku moja nikamuuliza. Akasema tochi iliwahi kumzimikia akiwa nyuma ya jengo, akasikia hatua za mtu na hakuona kitu. Aliyemwazima betri zile alimwambia ni mpya. Baadaye mtu akamfundisha kuziangusha: iliyotumika inadunda, mpya inatua kwa kishindo.

Sikuamini, nikajaribu zangu. Kweli inadunda! Mwanangu akanitafutia sababu, kumbe wataalamu wameshaichunguza. Ndani ya betri ya alkali kuna zinki iliyo kama uji mzito. Ikiwa mpya, uji ule unameza kishindo. Betri ikitumika, zinki inageuka oksidi, chembe zinashikamana, inakuwa kama springi. Ila wanasema inaanza kudunda vizuri kabla hata haijafika nusu, kwa hiyo kudunda hakuna maana imekwisha kabisa, ni kwamba siyo mpya.

Tangu hapo kila boksi likiingia naangusha chache kabla ya kuziweka rafuni. Sikujua kama hilo ni la kuandika.

Fundi Mikoba

Mzee, usiongeze neno na usipunguze. Muombe mlinzi ruhusa, weka picha ya betri ikiwa hewani juu ya kaunta, na mwishoni ombi moja tu.

Kalamu Nzito

Nimetoka kuangusha za rimoti yangu hapa. Zote mbili zimedunda.

Mzee wa Ghala

Mlinzi amekubali, ila amesema niandike kwamba alikimbia mpaka getini, nisimfanye shujaa. Nimeandika. Ombi langu la mwisho niliweka hivi: "Leteni betri zenu tuziangushe pamoja, bure."

Leo asubuhi sijafungua vizuri akaja mama na mfuko wa betri 9, za saa ya ukutani, za vidude vya watoto, nyingine hajui za nini. Tumezipanga kaunta, tumeangusha moja moja, yeye akiinamisha sikio. Mbili zimetulia. Amechukua nyingine 4, na ameniachia zilizochoka nizipeleke zinakokusanywa. Kabla hajatoka ameniuliza kama yule mlinzi bado anafanya kazi palepale.

Nimeanza daftari.